Duka la mtandaoni si dawa ya spea za magari ya zamani

Leo naweka kando kidogo habari za seva na programu, ingawa mkifika mwisho mtaona sijaziacha. Kuna ombi moja linanijia kila baada ya miezi michache. Mtu anakuja na wazo lake: tutengeneze programu ya simu ya kuuza spea za magari ya zamani. Picha, bei, kitufe cha kulipa kwa M-Pesa, basi. Anasema Nairobi imejaa watu wanaofufua Peugeot, Datsun, Beetle na Land Rover, na huku Eastlands kumejaa wazee wenye vibanda vilivyojaa vitu hivyo, kwa hiyo kazi ni kuwakutanisha tu. Jibu langu huwa hapana. Nimeona niliandike mara moja ili nisirudierudie.

Tuanze na magari yenyewe. Kwa Mkenya wa umri wangu, Peugeot 504 haihitaji kutambulishwa. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na baadaye ikawa inaunganishwa hapa kwetu, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa, mpaka miaka ya mwanzo ya 2000. Wafaransa wenyewe walikuwa wameacha kuitengeneza saluni yake tangu 1983. Stesheni wagoni yake ndiyo iliyotupeleka mashambani kabla ya matatu za Kijapani kushika barabara. Kisha kuna Safari Rally, ambayo ilianza mwaka 1953. Peugeot waliishinda mara sita: 404 mara nne kati ya 1963 na 1968, na 504 mwaka 1975 na 1978. Datsun nao wakaja na Edgar Herrmann mwaka 1970 na 1971, Shekhar Mehta mwaka 1973, halafu Mehta huyohuyo akashinda mara nne mfululizo, kutoka 1979 hadi 1982. Watu waliona gari limepita kwenye matope na mawe ya Safari na bado linatembea, wakaenda kulinunua. Ndiyo maana hata leo ukizunguka Buruburu, Jericho, Umoja au Donholm hukosi kuona moja limefunikwa turubai kwenye kona ya uwanja wa kuegesha, matairi yamekaa chini, na mwenyewe anakuambia "siuzi, nitalitengeneza".

Magari hayo hayaongezeki. Katika miaka ya 1990 serikali ilifungua mlango wa magari yaliyotumika kutoka Japani, na maduka ya spea yakahamia kwenye Toyota kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na wateja. Baadaye sheria ya viwango, KS 1515, ikasema gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii nchini. Kwa hiyo 504 zilizopo ndizo zilizopo. Kila moja inayokatwa vyuma chakavu inaondoka kabisa, pamoja na spea zote zilizokuwa ndani yake.

Lakini jambo lililobadilisha biashara hii zaidi ya intaneti ni mnunuzi. Zamani aliyekuja kibandani alikuwa mwenye matatu au mkulima, na alitaka kitu kimoja: gari litembee kesho asubuhi. Kilichokuwa na bei ni pistoni, klachi, pampu ya maji, gia boksi. Vitu kama nembo ya simba ya mbele, kioo cha taa, kamba ya kromi ya mlangoni au kitasa cha kufungulia dirisha vilitupwa pembeni, au mtoto wa fundi alivichezea. Leo anayekuja ni mtu anayetaka gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Wengine wanalenga mashindano ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambako waamuzi wanachungulia hadi chini ya gari. Wengine wana ndoto ya Safari Classic, mbio za magari ya zamani zilizoanza mwaka 2003. Na kuna vijana wa mtaani ambao wamerithi Datsun 1200 ya babu na hawataki kitu kingine. Kwa watu hawa pistoni si tabu, ataagiza. Tabu ni ile kamba ya kromi. Bei zimepinduka miguu juu, na mzee aliyetupa sanduku la nembo miaka 20 iliyopita leo anajiuliza maswali.

Na njia ya kuuza? Hapo kweli mambo yamegeuka. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, mtu wa Kisumu aliyetaka kabureta alipanda basi hadi Nairobi. Sasa anatumiwa picha kwa WhatsApp, analipa, na kabureta inapanda basi peke yake. OLX tuliyoizoea ilichukuliwa na Jiji mwaka 2019, na kwenye Facebook kuna vikundi vya kila aina ya gari. Nani atalalamika? Mimi nitalalamika kidogo. Picha moja ya taa ya Datsun utaiona kwa watu watano, kila mmoja na bei yake, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye hiyo taa. Wote ni madalali. Taa iko kwenye kibanda kimoja Kariobangi, na mwenye kibanda analipwa bei ileile ya zamani huku nyongeza yote ikibaki njiani. Programu wanayoniomba nitengeneze itafanya hivyo hivyo, tena kwa haraka zaidi.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Nenda Kariobangi Light Industries Jumamosi yoyote, utafute kibanda cha mzee anayeuza spea za Peugeot, umwambie unataka spea ya ekseli ya nyuma ya 504. Hatakwambia bei. Atakuuliza, "Kijana, ni saluni au stesheni wagoni?" Ukisema saluni, atauliza kama ni GL. Maana saluni ya GL ina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, kila moja na shafti yake, na stesheni wagoni na pikapu zina ekseli moja nzima. Ukiuliza injini, atataka kujua kama ni ya sisi 1,796 au 1,971, na kama ni hiyo ya pili atakupeleka kwenye rundo la 505, kwa sababu injini hiyo ilihamia huko. Hana kompyuta, hana hata daftari. Yote yako kichwani.

Chukua Datsun. Injini ya A12 ya Datsun 1200 ndiyo iliyo ndani ya 120Y, kwa hiyo mwenye moja anaweza kuchinja nyingine. Anayejua zaidi atakuambia kitu kizuri kuliko hicho: Afrika Kusini waliendelea kuunda pikapu ndogo ya Nissan 1400 mpaka mwaka 2008, nayo inatumia injini ya ukoo huohuo, A14. Huko ndiko kwenye spea ambazo Japani zilikwisha zamani. Lakini si zote! Bloki ya A14 ni ndefu kwenda juu kuliko ya A12, kwa hiyo ukiagiza pushirodi bila kujua hilo umetupa pesa, na hakuna atakayekurudishia. Hiyo sentensi moja, "hii inaingia, hii haiingii", ndiyo bidhaa halisi ya biashara hii. Chuma ni kifungashio tu.

Tovuti haiwezi kuuza kitu ambacho hakijaandikwa. Ukiandika "spea ya 504" kwenye kisanduku cha kutafutia, kompyuta haikuulizi "saluni au stesheni wagoni". Inakupa picha 40 na kukuachia. Namba ya spea ingesaidia, lakini nyingi ya spea hizi zimetolewa kwenye magari mengine, boksi lilipotea kabla mimi sijazaliwa, na namba iliyochongwa imelika kwa kutu.

Muda nao hautungoji. Wazee hawa wanastaafu, na vijana wao wanauza spea za Toyota, sawa kabisa, ndiko kwenye mkate. Kibanda kinapofungwa, mali yote inauzwa kwa kilo. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya mitambo ya umeme kuhujumiwa, na miezi michache baadaye ikaruhusiwa tena kwa masharti mapya. Masharti hayo yanalinda nyaya na nguzo, kama inavyopaswa. Hakuna anayelinda kichwa cha injini cha 504. Kichwa hicho ni aluminiamu, na aluminiamu ya injini huyeyushwa na kuwa sufuria, kazi ambayo mafundi wetu wa jua kali wanaijua sana. Mnunuzi wa chakavu hakosei, analipa bei ya kilo. Shida ni kwamba hakuna aliyejua kuwa kichwa kile kilikuwa na mtu anayekitafuta Nakuru.

Kuna atakayeniambia, wewe ni mtu wa teknolojia, kwa nini usizungumzie printa za 3D? Nazungumzia. Mwaka 2018 Porsche walitangaza kwamba wanachapa spea adimu kwa teknolojia hiyo, mojawapo ikiwa ni mkono wa kuachia klachi wa 959, gari ambalo yalitengenezwa 292 tu. Nissan mwaka 2017 walianza kutengeneza upya spea za Skyline GT-R. Toyota mwaka 2020 wakaanza na Supra na 2000GT, na baadaye wakaongeza Land Cruiser za mfululizo wa 40, jambo ambalo lina maana kwetu kwa sababu hizo bado zinafanya kazi Kenya. Nimefurahi sana. Lakini angalieni orodha hiyo: ni magari ambayo matajiri wa dunia wanayapenda. Sioni mtu wa Paris akiamka kutengeneza raba za milango ya stesheni wagoni iliyokuwa ikibeba abiria kwenda Nyeri. Vitu hivyo vitatengenezwa Kariobangi au havitatengenezwa. Na uwezo upo: kitasa, fremu ya taa, bushi za raba, mafundi wanachonga na kumimina. (Breki na usukani waache, tafadhali. Huko nunua kitu cha kiwandani au liache gari chini ya turubai.) Hata hivyo fundi anahitaji sampuli moja nzima na mtu wa kumwambia ni ya gari gani. Tunarudi palepale.

Kwa hiyo ninachotaka kutengeneza si duka, ni jedwali. Safu chache tu: gari, aina, mwaka, spea, inaingiliana na nini, haiingiliani na nini, nani amethibitisha kwa kufunga mwenyewe. Linakaa kwenye simu hata bila intaneti. Kwa programu ni kazi ya wikendi mbili. Kwa ukweli wake ni kazi ya miaka.

Nilipomweleza mzee mmoja wa Kariobangi alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Sasa kijana, nikikupa hiyo, kesho utakuja kununua nini kwangu?" Wenzangu wa kompyuta hulijibu swali hili kwa hotuba kuhusu ujuzi kuwa huru kwa wote. Mimi ni mpenzi wa programu huria na ninaitumia kila siku, lakini hapa hotuba hiyo haifai. Anayeandika programu huria usiku kwa kawaida ana mshahara mchana. Mzee huyu mshahara wake ndio huo ujuzi. Ukiuchukua bure ukauweka hewani, madalali watano wa picha watakuwa wa kwanza kuutumia, na yeye atabaki na chuma cha kuuza kwa kilo.

Isitoshe, Ulaya kwenyewe ujuzi huu hautolewi bure. Katalogi kubwa ya spea inayoitwa TecDoc, yenye makao Ujerumani, ilianzishwa na makampuni ya spea yenyewe, na anayetaka kuitumia dukani kwake analipa. Hakuna anayewaita wachoyo. Kwa nini mzee wa Kariobangi adaiwe ukarimu ambao Wajerumani hawadaiwi?

Basi tumekubaliana hivi, na ninaandika hadharani ili nisiteleze. Jedwali ni la wenye vibanda, mimi ni karani. Kila mstari anaoutoa namlipa shilingi 50, na mstari unabeba jina la kibanda chake. Anayetafuta anaona kwamba jibu lipo na lipo kwa nani, lakini ili alisome lote analipa kidogo kwa M-Pesa, na pesa zinaenda moja kwa moja kwenye simu ya mwenye mstari bila kupitia kwangu. Mzee akistaafu, mistari inabaki yake. Programu yenyewe nitaitoa huria, msimbo wote, chukueni. Data hapana.

Wenzake wawili wamekataa, na mmoja amesema 50 ni matusi, nimlipe 200. Nadhani ana haki. Mpaka sasa tuna mistari 61, yote ya 504 na A12. Jumamosi hii tunaanza gia boksi.