Mgeni Njoo, Lakini Ulale Mjini

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nauliza, je, mgeni akija akalala mbali na mwenyeji, atapona nani? Maoni yangu ni kwamba mgeni wa Mombasa, awe ametoka Ulaya au Kisumu, na alale kisiwani katika hoteli ya kawaida ya mjini. Na sisi wenyewe tuache kuzidharau hoteli hizo.

Tazameni mambo yalivyo. Basi la watalii hutoka hoteli za ufuoni, kule Bamburi au Diani, likasimama mbele ya Ngome ya Yesu. Wageni hushuka, hupiga picha, huzungushwa vichochoro viwili vitatu vya Mji wa Kale, kisha haoo! Wamerudi kula chakula walichokwisha kulipia. Muuza kahawa tungu hakuuza hata kikombe. Mama wa mahamri na mbaazi huuza asubuhi na mapema, na saa hiyo mgeni yuko ng'ambo, bado amelala. Viazi karai na mishikaki hunoga magharibi, basi lishaondoka. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na mwaka wa 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Sifa tunazo, lakini sifa haziivishi chungu.

Sasa mchukueni mgeni aliyelala Nkrumah Road au Digo Road. Akitoka mlangoni anatembea kwa miguu mpaka Ngome. Akitaka viungo, Marikiti ile pale. Akitaka leso yenye jina tamu, Biashara Street haiko mbali. Akitaka kuvuka Likoni, matatu za feri ziko posta, na mabasi ya Nairobi yako Mwembe Tayari. Kila anapopita kuna mtu wa kupata riziki: muuza madafu, kinyozi, fundi viatu, dereva wa tuktuk. Noti yake moja itapita mikono mingi kabla jua halijatua.

Jambo hili si geni kwetu. Wafanyabiashara wa Uarabuni na Bara Hindi walikuja na upepo wa kaskazi, wakangoja kusi iwarudishe makwao. Siku hizo zote za kungoja walikaa mjini kati ya watu, na mji ukatajirika kwa mali na kwa maneno. Ibn Battuta alipopita hapa mwaka wa 1331 alilala usiku mmoja tu kisiwani, na bado aliandika juu ya wema wa watu wake na misikiti yao ya mbao. Usiku mmoja! Leo wako watu wanaokaa ufuoni wiki mbili, na wakirudi kwao hawana la kusimulia ila mchanga na minazi.

Najua baadhi yenu mtasema, "Aa, lojingi! Kwani hapo ni mahali pa kumpeleka mtu wa heshima?" Tena mtataja joto, honi za matatu na kukosekana kwa bwawa la kuogelea. Joto lipo, sikatai. Lakini upepo wa bahari ni bure pale Mama Ngina, ambapo jioni watu wa mji hukaa wakila mihogo ya pilipili. Ama jina la lojingi, limechafuliwa na wachache, na wengi wanaofanya kazi kwa uaminifu wanaumia.

Wenye hoteli nao wasijifiche nyuma ya maneno yangu. Shuka ziwe safi, chandarua kisiwe na tundu, na bei ibandikwe ukutani, iwe moja kwa Mzungu na kwa mtu wa Voi. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, kwa hivyo mifereji ikikauka mgeni asiambiwe "ngoja kidogo" akiwa na sabuni usoni. Tangi liwepo, lijazwe.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Mwezi wa Mei 2014 watalii wengi wa Uingereza waliondolewa pwani kwa ghafla kwa sababu ya hofu ya usalama. Mwaka wa 2020 korona ikaja ikafunga milango. Mgeni wa ng'ambo ni kama maji ya bahari, hujaa na kupwa. Hoteli ndogo ya mjini humtegemea pia Mkenya mwenzetu: mfanyabiashara, mzazi aliyeleta mtoto chuoni, mgonjwa aliyekuja kumwona daktari. Nasi kidato cha tatu, mwakani ni mtihani, na baada ya mtihani wengi wetu tutatafuta kazi katika mji huu huu. Mpishi, dobi, karani na mlinzi wa usiku wa hoteli hizo watakuwa ni sisi au ndugu zetu.

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu waheshimiwa na wanachama wenzangu: shule za bara zikituandikia kwamba zinakuja ziara, tuzitafutie hoteli safi ya mjini, tuikague sisi wenyewe kwanza, halafu tuwapokee wageni wetu kwa miguu.