Mwenye kuonja njo mwenye kuweka bei

Mwaka 2025, mu mji wa Milan, Italia, Jack Simpson wa Australia alishinda mashindano ya dunia ya kutengeneza kahawa. Kwetu Katanga, kwenye wengi wanakunywa chai ao kahawa ya sache, mutu anaweza kucheka: kutengeneza kahawa, nayo ni mashindano? Ndiyo, na ni mashindano makali. Na mutu wa mashimo akiangalia muzuri, ataona mambo yenye kumugusa yeye pia.

Tuanze na kazi yenyewe. Mashindano yalianza mwaka 2000 mu Monte Carlo. Kila mushindani, wanamuita barista, anapewa dakika 15. Mu zile dakika anatoa vikombe 12: vinne vya kahawa kali tupu, vinne vya kahawa na maziwa, na vinne vya kinywaji chenye ametunga yeye mwenyewe. Waamuzi wamoja wanaonja, wengine wanaangalia mikono yake: anapoteza kahawa? Meza iko safi? Juu ya zile dakika 15 mutu anajizoeza miezi na miezi. Hayuko peke yake. Nyuma yake kuko mwenye kukaanga, kuko mwalimu, kuko wenzake wenye kuonja kila siku na kumuambia ukweli bila kumubembeleza. Ni kama ekipe ya shimo: mwenye kuonekana inje ni mumoja, lakini bila wenye kushika kamba hapandi.

Barista anapotengeneza, anaelezea pia kahawa yake imetoka wapi: inchi gani, mulima gani, nani aliilima, namna gani ilioshwa na kuanikwa. Kwa hiyo jina la mulimaji linafika mbele ya waamuzi. Kobalti ya Kolwezi haina ile bahati. Ikiisha kuingia mu batri, hakuna mwenye kutaja shimo wala mwenye kulichimba.

Hata hivyo, Congo haipati faida yake. Mwaka 2021, mashindano yalifanyika pia Milan, na Diego Campos wa Colombia alishinda. Yeye na wawili wenye walimufuata wote walitumia kahawa inaitwa eugenioides. Ule muti unaota wenyewe mu milima ya Afrika ya Mashariki, na kwetu mashariki ya Congo pia. Zamani sana ulichanganyika na muti wa robusta, wenye unaota mu pori zetu, na watu wa sayansi wanasema njo ile michanganyo ilizaa arabica, kahawa yenye dunia inapenda zaidi. Lakini kahawa ya wale washindi ilitoka mu mashamba ya Colombia. Haikutoka Kivu.

Mwisho wa miaka ya 1980, inchi yetu ilikuwa inauzisha inje zaidi ya tani 100 000 za kahawa kwa mwaka. Kisha ugonjwa ulikausha miti ya robusta, vita ikaja, na mashamba yakaachwa. Kule Kivu, walimaji walikuwa wanapakia magunia mu mitumbwi usiku, wanavuka ziwa kwenda kuuzisha Rwanda kwa bei yenye munuzi anataka. Wengi walikufa maji.

Kilichoanza kubadilisha mambo ni koperative, kama SOPACDI ya Minova, iliyoanza mwaka 2003. Walimaji walianza kuoshea kahawa yao pamoja na kuiuzisha pamoja. Kisha yakaja mashindano ya kuonja, Saveur du Kivu. Pale kikombe kinakuwa na numero tu. Mwenye kuonja hajui ni kahawa ya nani. Waonjaji wako wengi, kila mutu na karatasi yake, na wanatoa poa juu ya 100. Kuanzia 80, kahawa inahesabiwa kuwa ya hali ya juu. Vijana Wacongo wamejifunza ile kazi ya kuonja. Koperative yenye inajua poa zake haiongei na munuzi sawa na ile yenye haijui kitu.

Sasa tulinganishe na depo za madini. Muchimbaji analeta magunia yake, na munuzi anapima teneur kwa mashine yake mwenyewe. Anasoma chifre mwenyewe, anaondoa maji ya jiwe mwenyewe, na anataja bei. Kama muchimbaji anakatala, anabeba muzigo mupaka depo ingine, kwenye mashine ni ya munuzi mwingine. Hapo mwenye kupima na mwenye kununua ni mutu mumoja.

Tusidanganyane: kahawa ya mashindano ni magunia kidogo tu. Kahawa nyingi inafuata bei ya New York, yenye ilipita dola 4 kwa livre moja mu Februari 2025, karibu dola 9 kwa kilo. Na mu ile miezi ya kwanza ya 2025, Goma na Bukavu ziliingia mu mikono ya M23, banki zikafungwa. Mulimaji anaweza kuwa na poa 86 na akose njia ya kupitisha gunia. Poa haimalizi vita.

Lakini inaondoa giza mu biashara, na hiyo koperative za wachimbaji zinaweza kuiomba leo. Mashine moja ya koperative yenyewe. Gunia likapimwa kwa numero, bila jina. Watu zaidi ya mumoja wasome chifre, na muchimbaji apewe karatasi ya kupeleka nyumbani, ili mama na watoto pia wajue kazi ya ile siku ilikuwa na uzito gani.