SUNGURA WADOGO WAACHAPO ZIWA

Katika nyumba nyingi sungura ni mali ya watoto. Wao ndio wakatao majani, wao ndio wafagiao banda, na sungura wakiuzwa, fedha hununua madaftari na sare za shule. Kwa hiyo ni huzuni kubwa mtoto anapokwenda bandani asubuhi na kukuta sungura wake, waliokuwa wazima juzi tu, wamekufa. Mara nyingi hutokea hivyo siku chache baada ya kutengwa na mama yao. Hapo watu huanza kunong’ona juu ya uchawi na kijicho cha jirani. Hapana, ndugu zangu, msimshitaki jirani bure. Sababu kwa kawaida ni tumbo.

Mtoto wa sungura hufumbua macho siku ya 10 hivi. Apatapo wiki 3 hutoka kiotani na kuanza kutafuna kile alacho mama yake. Wakati huohuo maziwa ya mama huwa mengi kabisa, kisha hupungua polepole. Ndani ya utumbo wa sungura mna vijidudu vyema visivyoonekana kwa macho, vinavyomsaidia kutumia majani. Kwa mtoto, vijidudu hivyo ndiyo kwanza vinaanza kukaa. Ukimwondolea maziwa, ukambadilishia banda na kumpa chakula kigeni, yote kwa siku moja, tumbo hujaa hewa au huhara, naye hufa. Basi shikeni neno hili: badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Kwanza, msifanye haraka. Watengeni wakiwa na wiki 6. Aliye mdogo kuliko wenzake abaki na mama wiki moja zaidi, pamoja na ndugu mmoja wa kumtia joto. Mama hubeba mimba siku 31 hivi; kama amekwisha pandishwa tena, hesabuni vema ili watoto wawe wametoka kabla hajazaa.

Pili, mwondoeni mama, watoto wabaki katika banda walilolizoea, wote pamoja. Siku 2 kabla yake mpunguzieni mama pumba, maziwa yapate kukauka, na mkague matiti yake yasivimbe.

Tatu, kwa siku 10 wapeni chakula kilekile walichokula wakiwa na mama. Nyasi kavu zisikosekane usiku wala mchana. Hizo ndizo mlinzi wa tumbo. Majani mabichi, kama ya viazi vitamu, yaanikeni kivulini mpaka yanyauke. Msiwape yenye umande. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo ni sumu. Pumba yenye ukungu itupeni. Chakula kipya kianze kwa kiasi cha kiganja, kikiongezwa kidogo kidogo. Maji safi kila siku.

Nne, sakafu iwe kavu. Kuna ugonjwa uitwao koksidia, unaoenea kwa mavi na unyevu, nao huwaua hasa wadogo. Fagieni kila siku, na chakula kiwekwe juu katika kihori, si chini.

Mkimwona mmoja amejikunyata, hataki kula, na tumbo limekaza kama ngoma, mtengeni mara moja. Ondoeni pumba na majani mabichi. Abaki na nyasi kavu na maji, kisha mwiteni afisa mifugo. Msimnyweshe dawa za watu zilizobaki kabatini. Amoksisilini, ambayo humponya mtu, ikimezwa na sungura yaweza kumwua.

Wakifika miezi 3, tenganisheni madume na majike, wasije wakapandana wangali wachanga.

Wazazi, msimwachie mtoto kazi hii peke yake. Nendeni naye bandani jioni, mhesabu pamoja, muandike katika daftari siku waliyozaliwa na siku waliyotengwa. Hapo atajifunza kwamba viumbe vya Mungu hutunzwa kwa subira, na ya kuwa msiba ukitokea, mtu hutafuta kwanza sababu yake, wala hamtafuti wa kumlaumu. Somo hilo litamfaa siku nyingi baada ya sungura hawa kuuzwa.