Hesabu ya matone si mchezo: vijana, tusiuziane sumu

Wandugu, kazi hakuna, diploma iko kabatini, na sasa wengine wetu tunachanganya likidi ya sigara ya umeme nyumbani na kuiuza mu kartie. Hatumutupii mutu jiwe: njaa tunaijua. Lakini kuchanganya kwa macho tu, hapana!

Hesabu ni hii. Chupa ya mililita 100, nikotini miligramu 6 kwa kila mililita, gliserini 70, propileni glikoli 30. Kama nikotini yenu iko na nguvu ya miligramu 100, munatia mililita 6. Ladha 10. Hizo mbili mara nyingi ziko tayari ndani ya glikoli, basi munaongeza glikoli 14, si 30. Gliserini 70. Jumla 100.

Ukitia nikotini 60 pahali pa 6, umeuza mara tatu ya kipimo cha juu cha Umoja wa Ulaya, miligramu 20. Na nikotini inapita hata mu ngozi.

Tunadai serikali ikague likidi zinazouzwa. Na sisi wenyewe: hakuna kuuzia watoto, hakuna chupa bila kipimo juu yake. Kukosa kazi si ruhusa ya kuumiza jirani.