Duka la intaneti: Kuchelewa kuhama kuna hasara

Juni 30, 2020, kampuni ya Adobe ya Marekani ilisitisha huduma kwa Magento 1, programu ya kuendeshea maduka ya intaneti iliyoanza mwaka 2008. Toleo la pili lilikuwa sokoni tangu 2015, lakini wengi walisita kwa sababu programu za nyongeza za zamani hazikufanya kazi humo. Septemba 2020, wezi wa namba za kadi walivamia maduka karibu 2,000, mengi yakiwa ya toleo la kwanza.

Mwenye duka anayejiandaa kuhama anashauriwa kutunza nakala ya kumbukumbu zote, kuorodhesha nyongeza anazozitumia, kujaribu toleo jipya pembeni, kisha kuhama siku yenye wateja wachache. Fundi ni gharama, lakini mteja aliyeibiwa harudi.