Goti Halijasagika: Tuchunge Tafsiri Zetu

Kosa lilikuwa letu. Bibi wa mmoja wetu, mkazi wa Jeddah, alipimwa magoti akaambiwa ana “khushuna”. Mjukuu akamfasiria: “Bibi, goti limesagika.” Tangu siku hiyo bibi akaacha kutembea. Ukimwambia, “Shikamoo bibi, twende dukani,” anajibu, “Marahaba mjukuu wangu, nenda tu. Kilichosagika hakirudi.”

Nani angemlaumu? Neno “kusagika” linaleta picha ya jiwe la kusagia: kila hatua inamaliza unga uliobaki. Wengine husema mafuta ya goti yamekauka. Basi sisi watoto, kwa mapenzi, tunamletea kila kitu alipo: chai, maji, hata simu. Tunadhani tunamhifadhi, kumbe tunamdhoofisha.

Goti si jiwe. Gegedu linalofunika ncha za mifupa halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa goti, na ute huo husukumwa kwa mwendo. Misuli ya paja nayo hubeba sehemu ya mzigo. Ikilegea, goti linaachwa peke yake. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya tiba inaweka mazoezi mstari wa mbele. Huko Denmark, tangu mwaka 2013, kuna programu iitwayo GLA:D: wagonjwa hupewa masomo machache, kisha mazoezi mara 2 kwa wiki kwa wiki 6.

Mazoezi yenyewe hayataki ukumbi. Bibi akae kwenye kiti imara, asimame, akae tena taratibu, mara 10. Akiwa amekaa, anyooshe mguu mmoja, ahesabu hadi 5, aushushe. Atembee baada ya Alfajiri, kabla joto la Jeddah halijapanda. Maumivu kidogo si hatari, maadamu kesho yake yawe yametulia. Yakizidi, apunguze, asiache. Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, hapo ni daktari kwanza.

Tutaambiwa: mzee ana haki ya kupumzika. Kweli, na kuswali kwenye kiti ni rukhsa kwa asiyeweza. Lakini bibi yetu anatamani kusujudu chini, na kufanya saa’i baina ya Safa na Marwa kwa miguu yake, mizunguko yote 7, bila kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Mazoezi hayamwahidi hilo. Kukaa tu ndiko kunakomnyima hata nafasi ya kujaribu.

Tunajivunia kuwa wakalimani wa nyumbani. Basi tuseme hivi: “Bibi, goti lako lina ugonjwa, lakini bado lina kazi. Simama, nami nasimama nawe.” Kisha tusimame kweli, mara 10, kila siku.