Watumishi wa Ibilisi: Dhidi ya Hoja ya Woga

Imekuwa desturi miongoni mwa wahakiki wetu, na wanafunzi wa uzamili wamewafuata, kuueleza utiifu wa watumishi wenye nguvu katika fasihi ya kiajabu kwa neno moja: woga. Bwana wa giza anaogofya, kwa hiyo anatiiwa. Maelezo haya ni mepesi mno, na madhara yake ni kwamba yanamsafisha mtumishi. Aliyeogopa amelazimishwa, na aliyelazimishwa hana la kujibu.

Tuitazame Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika juu ya karatasi za chooni mwaka 1978 katika gereza la Kamiti, lisilo mbali na hapa Murera. Ilichapishwa mwaka 1980, na Waswahili wakaipata kwa jina la Shetani Msalabani. Katika pango la Ilmorog matajiri wanashindana kujigamba kuhusu wizi na unyang'anyi wao mbele ya wageni kutoka ng'ambo. Ni nani kati yao anayetetemeka? Wanataja magari yao, wake zao, hata vimada wao, na ukumbi unashangilia.

Kisha anasimama Mwĩreri wa Mũkiraaĩ na kudai kwamba kila nchi iibiwe na wezi wake yenyewe. Huyu haukatai wizi hata kidogo. Anachokataa ni kugawana. Hata hivyo ukumbi unachafuka, na baadaye anauawa; kidole kinaelekezwa kwa Mwaura, dereva wa matatu iliyompeleka Ilmorog. Ibilisi hakuhitaji kunyoosha mkono. Watumishi wanachungana wao kwa wao, kwa kuwa nguvu ya kila mmoja imeazimwa kutoka mahali pamoja, na anayemtikisa mwazimishaji anatishia riziki ya wote.

Katika Mũrogi wa Kagogo mwandishi huyohuyo aliisukuma hoja hii mbele zaidi. Machokali anakwenda London kukuzwa macho, Sikiokuu anakwenda Paris kukuzwa masikio, wote wawili kwa hiari, ili wapate uwaziri. Viungo hivyo vina faida gani nje ya ikulu? Naye Tajirika, anapomgeuka Mtawala, hakimbii: anakikalia kiti.

Tutaambiwa kuhusu wale Nazgûl wa Tolkien, ambao hawana tena hiari yoyote. Sawa. Lakini walizipokea pete wakiwa watu wakubwa, na zikawapa fahari na mali kabla ya kuwameza. Hoja ya woga inakianza kisa katikati.

Na wala hatukuwa na haja ya kwenda mbali. Katika Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert, mfalme anamsikiliza Karama siku baada ya siku, na mwishowe anamwachilia. Anayetaka Karama aangamizwe ni waziri, Majivuno. Wanaoendelea kufundisha hoja ya woga watuambie Majivuno alikuwa akimwogopa nani.